Ndago imenishinda Sahare: nang'oa kila kitu na kuanza nyasi upya, njooni tusaidiane

Mtu wa Sahare
11 Januari 2025

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu na hauna siasa wala mpira, kwa hiyo wa kukimbia akimbie sasa.

Niko Sahare hapa Tanga, nyumba ya marehemu mzee, naishi na mama. Mbele ya baraza kuna uwanja wa hatua kama kumi na tano kwa kumi na mbili. Vuli ya 2023 nilimpa fundi wa bustani kazi ya kuniotesha nyasi. Akaja na fuso ya udongo mwekundu, viroba vya samadi, juu akapanda ukoka. Siku anaondoka akasimama getini akaniambia, "Bosi, kwa bustani hii hata timu ya Coastal watakuja kuomba kufanyia mazoezi." Kilemba cha ukoka hicho, na mimi nikakivaa kikanikaa, nikamwongezea na hela ya soda.

Ile vuli mnaikumbuka, ndiyo ya El Niño. Maji yalipita uwanjani kama yameoneshwa njia, nusu ya vipando ikaishia mtaroni. Kufika masika ya 2024 nikaona kitu kinaota haraka kuliko ukoka wenyewe: kijani kimekolea, kinang'aa, kimesimama wima. Nikafurahi. Nikawa nakimwagilia asubuhi na jioni, mpaka mama aliponiita barazani: "Hiyo unayoinywesha ni ndago, mwanangu."

Leo hii ndago ndiyo mwenye nyumba. Pembeni kuna kishona nguo (Ijumaa natoka msikitini kanzu imejaa), kifauongo karibu na tangi, mbigili kwenye njia ya kwenda getini, watoto hawakanyagi peku. Ukoka umebaki labda robo.

Sasa kaka yangu yuko Ohio, Marekani. Kanitumia video: jamaa anafyeka nyasi zake fupi kabisa, anaichana ardhi kwa reki, anamwaga mbegu juu ya nyasi zilizopo, anamwagilia, baada ya wiki tatu kijani tupu. Kanipa na mifuko miwili ya mbegu alipokuja likizo. Dada yetu anaolewa mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na shughuli ni hapa hapa uwanjani. Maji ninayotumia ni ya kisima, yana chumvi kidogo mdomoni.

Swali: nimwage hizo mbegu juu ya haya majani au nianze moja?

Mpwa wa Makorora
11 Januari 2025

Picha mkuu. Bila picha hizi ni hadithi za Abunuwasi.

Mkulima wa Muheza
11 Januari 2025

Baba yangu ana miaka hamsini anapigana na ukoka kwenye mahindi, kila msimu anautupa njiani kwa hasira. Kumbe mjini mnaununua! Leta fuso, nakupa bure na mzee anakuongezea machungwa.

Koleo na Reki
12 Januari 2025

Nafanya bustani za watu Raskazone na Chumbageni, ngoja nikujibu kwa kirefu, maana naona unataka kurudia kosa lile lile kwa mbegu za ng'ambo.

Kwanza, soma nyuma ya huo mfuko. Kama umeandikwa fescue au ryegrass, hizo ni nyasi za nchi za baridi. Kule Ohio wanamwaga mbegu kuanzia mwisho wa Agosti hadi Septemba kwa sababu joto linaanza kushuka huku udongo ukiwa bado na uvuguvugu, na magugu mengi ya kiangazi yako mbioni kufa. Yaani baridi ndiyo kibarua wao wa palizi. Wewe kibarua huyo humpati Sahare. Ukizimwaga leo, kaskazi hii, zitaota ndani ya wiki moja au mbili, utapiga picha umtumie kaka, na kabla hajajibu zimeshaungua. Halafu siku nyingine mwambie mbegu za mimea haziingizwi nchini kwenye begi la nguo, zina kibali chake.

Pili, adui yako. Chuma bua moja la hilo jani, lizungushe katikati ya vidole viwili. Ukisikia pembe tatu, ni ndago, siyo nyasi. Sasa chukua uma wa bustani, siyo jembe, chimba taratibu uinue. Utakuta kiazi kidogo cheusi, kimeunganishwa na kingine kwa uzi kama wa kushonea viatu, na hicho na kingine tena. Kivunje unuse, kina harufu kama dawa ya kuchua. Huo mnyororo ndio siri yote. Vikiwa vimeungana, vingi vinalala tu chini. Ukiukata kwa jembe kila kimoja kinaamka na kuanzisha nyumba yake. Mtu analima mara tatu anadhani anapalilia, kumbe anapanda.

Tatu, kwa mfunguo mosi huna nyasi. Usikubali mtu akudanganye. Kuna majuma kumi na ushee, na hayo ni ya kuua tu. Panda masika baada ya harusi.

Mpwa wa Makorora
12 Januari 2025

Mwaga chumvi ya mawe viroba viwili, yanakufa yote. Babu yangu alifanya hivyo kwenye njia ya gari.

Koleo na Reki
12 Januari 2025

Na kwenye njia ya gari paliota nini tena baada ya hapo? Hakuna kitu. Yeye anataka nyasi, na kisima chake kiko hapo hapo. Chumvi ikitiwa leo inashuka kwenye maji atakayomwagilia kesho. Wacha kabisa.

Bibi wa Ngamiani
12 Januari 2025

Wanangu, mimi nawasoma tu hapa. Sisi Ngamiani uwanja ulikuwa mchanga mweupe, unafagiliwa alfajiri kwa fagio la njukuti, mistari inaonekana, mtu akipita unajua kapita. Jani likiota uwanjani watu wanauliza mwenye nyumba kasafiri? Nyoka anaonekana, sindano ikianguka inaonekana. Leo mnatafuta majani kwa fedha. Haya, si vibaya. Lakini hiyo harusi fagieni mchanga, tandikeni majamvi, mambo yaishe.

Mtu wa Sahare
13 Januari 2025

Bibi shikamoo. Mama kasoma post yako akacheka mpaka akashika mlango. Kasema hayo ndiyo anayoniambia tangu 2023.

Koleo, mfuko nimeusoma. Fescue. Haya nipe njia ya kuua.

Koleo na Reki
14 Januari 2025

Jambo la kwanza litakushangaza: mwagilia magugu. Wiki mbili, vizuri, kama unayapenda. Usifyeke. Dawa ya kuua magugu, glaifosati, haifanyi kazi kwenye udongo, inaingia kwa jani la kijani na kushuka chini na chakula cha mmea. Ndago iliyonyauka kwa jua la kaskazi haishushi kitu. Unataka majani mengi, machanga, yenye maji.

Jambo la pili, ambalo huku pwani watu wengi hawalijui: maji ya kuchanganyia. Sabuni yako ya kufulia inatoa povu kwa shida? Birika lina magamba meupe ndani? Basi kisima chako kinapita kwenye mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, na chokaa inaishika dawa humo humo ndani ya bomba la kupulizia. Unapiga maji matupu halafu unasema dawa feki. Maji yenye tope nayo ni hivyo hivyo, dawa inagandia kwenye udongo. Tumia maji ya bomba la mtaani au ya mvua uliyokinga. Kama lazima iwe ya kisima, tia kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia) gramu 20 kwa kila lita, iyeyuke yote, ndipo utie dawa. Kwa bomba la mgongoni la lita 16 ni kama gramu 320.

Piga asubuhi, upepo ukiwa haujaamka, siku isiyo na dalili ya mvua. Kipimo fuata lebo, na lebo iwe na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, siyo chupa ya maji iliyojazwa kitu cha bluu. Halafu usiguse. Usifyeke, usilime, wiki mbili. Zikiota tena, ziache zifikie majani manne matano, piga tena. Na tena. Ukiona raundi ya kwanza imeota upya usikate tamaa, ile ni vile viazi vilivyokuwa vimelala.

Jirani Mwema
14 Januari 2025

Samahani, lakini shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, mwaka 2015 liliiweka glaifosati kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Na huyu ana mama mzee na watoto hapo. Hakuna njia nyingine?

Koleo na Reki
14 Januari 2025

Swali la haki. Njia ipo, ni ya jasho: lowesha ardhi, ng'oa kwa uma ukiinua na viazi vyake, rudi kila baada ya wiki mbili kabla ndago mpya haijatengeneza viazi vingine. Kila inapoota inatumia akiba, ukiikata akiba mara nyingi inachoka. Ila hesabu miezi mingi, siyo wiki. Nina mteja Bombo alifanya hivyo kwa sababu ana bata uwanjani, alifanikiwa, ila alikuwa amestaafu.

Kutandika nailoni nako watu watakuambia. Nailoni angavu juu ya udongo uliolowa, mwezi mmoja hadi mmoja na nusu wa jua la kaskazi, inapika mbegu za kishona nguo na mchicha pori vizuri sana. Ndago inababuka lakini viazi vya chini vinabaki. Ile nyeusi ndiyo kabisa, ndago inaitoboa kama sindano.

Atakayepiga dawa: glavu, mabuti, miwani, barakoa, suruali ndefu. Siyo kandambili na singlendi kama ninavyowaona. Watoto na kuku ndani mpaka ikauke, na mbali na mdomo wa kisima.

Mtu wa Sahare
16 Februari 2025

Mrejesho, na mrejesho wenyewe ni wa aibu.

Mama hana imani na macho yangu, kwa hiyo tumepata kipimo: ungo. Tunauweka chini sehemu ile ile karibu na mpapai, tunachora duara, tunahesabu ndago zilizo ndani. Kabla ya dawa zilikuwa 43.

Nilimwagilia karibu wiki mbili kama nilivyoambiwa. Jirani akaniuliza kama niko sawa. Tarehe 26 Januari nikapiga, maji ya bomba, asubuhi. Siku ya tatu nikatoka nikakuta majani bado ni kijani vile vile. Nikaona nimeliwa. Kijana mmoja akapita na jembe lake begani akasema, "Braza, hii nakulimia leo leo inaisha." Akalima uwanja wote.

Leo ungo umesoma 38.

Koleo na Reki
16 Februari 2025

Dawa hii haibabui siku ya tatu, bwana. Ndago inaanza kugeuka njano wiki ya kwanza hadi ya pili. Ulimtoa mgonjwa hospitali kabla dripu haijaisha, halafu ukamkata vipande ukampanda.

Haya, faida moja unayo: vyote vilivyokuwa vimelala vimeamka kwa pamoja. Subiri majani manne, piga. Na huyo kijana afungiwe geti.

Mkulima wa Muheza
16 Februari 2025

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Ndago haijausikia huo msemo.

Mtu wa Sahare
23 Machi 2025

Nilipiga ya pili 20 Februari. Sikugusa. Siku ya tisa zikaanza njano kwenye ncha, siku ya kumi na tano zimelala kama nywele zilizolowa. Tarehe 8 Machi ungo ulikuwa 11. Nikapiga ya tatu kwenye mabaka tu, tayari niko na funga, na barakoa ya kazi na kiu cha Ramadhani ni vitu viwili ambavyo sikushauri uviweke siku moja. Nilimaliza saa mbili asubuhi nikalala barazani mpaka adhuhuri.

Leo ungo: 3.

Uwanja sasa ni udongo mtupu wenye majani makavu. Nilitaka kulima uwe laini, nimekumbuka, nimeacha.

Koleo na Reki
23 Machi 2025

Hapo umekuwa mtu. Usilime. Chana kwa reki juu juu tu, toa takataka. Ukilima unaleta juu mbegu nyingine zilizokuwa gizani.

Na samadi nyingine usilete mbichi. Mbegu nyingi zinapita tumboni mwa ng'ombe zikatoka nzima. Nadhani kishona nguo chako hakikuja na samadi, hicho kinakuja na kanzu yako mwenyewe, lakini mchicha pori ulitoka zizini na ndago ilikuja na ile fuso ya udongo mwekundu. Ukilazimika kuleta udongo, kabla ya kulipa chukua konzi tatu nne toka pande tofauti, zichekeche. Ukiona kiazi cheusi kimoja, mrudishe na gari lake.

Mtu wa Sahare
14 Aprili 2025

Harusi imepita Jumamosi, alhamdulillahi. Tulifanya kama Bibi wa Ngamiani alivyosema: nikaleta mchanga mweupe kidogo juu, mama na shangazi wakafagia alfajiri kwa mistari, majamvi, turubai. Hakuna aliyeuliza nyasi. Shangazi mmoja wa Pangani alisema ni uwanja wa kwanza wa heshima aliouona mjini miaka hii.

Sasa nipande nini? Mvua imeanza kunusa.

Koleo na Reki
14 Aprili 2025

Jua tele na maji yenye chumvi: pasipalamu, ile ya jani jembamba ya pwani. Inastahimili chumvi kuliko nyasi nyingi za bustani. Ukoka nao unastahimili kiasi, lakini chini ya mwembe usiupande, ukoka na kivuli haviivi chungu kimoja. Kwenye kivuli weka ile wanayoiita nyasi za Pemba, jani pana, inatambaa. Na akija mtu na nyasi za Lushoto, ile ya Kikuyu, mwambie arudi nazo mlimani. Kule ni zulia, hapa joto linaichosha.

Vipando vije bila udongo. Ukiletewa vyenye udongo, vioshe kwenye beseni, kagua mizizi kimoja kimoja. Ndiyo, kimoja kimoja. Vifunike kwa gunia lililolowa na uvipande siku hiyo hiyo. Chora vifereji vidogo, sentimita tatu nne kwenda chini, weka kipando kila sentimita kumi hadi kumi na tano, theluthi yenye majani ibaki juu, kanyaga kwa mguu kishike udongo, mwagilia hapo hapo usingoje kumaliza. Ukiwa na mteremko, panda ukikata mteremko, mistari isielekee mtaroni. Wewe unajua kwa nini.

Mtu wa Sahare
4 Mei 2025

Tumepanda jana na leo. Mimi, wapwa wawili, na mama kwenye kiti akiwa na beseni la kukagulia. Katika viroba sita kakamata viazi vya ndago kumi na saba. Kavipanga kwenye sahani ya kahawa vikae ushahidi.

Chini ya mwembe nyasi za Pemba, mbele pasipalamu. Na ule upande wa mpapai mama kasema unabaki mchanga wake, anafagia mwenyewe. Sikubishana.

Mpwa wa Makorora
25 Mei 2025

Mrejesho na PICHA.

Mtu wa Sahare
25 Mei 2025

Hii mvua ya Mei nitaipigaje picha? Vimeshika, vimeanza kurusha mikono. Jana nimetia urea kidogo, konzi kwa hatua mbili za mraba, mvua ikaishusha chini saa hiyo hiyo.

Koleo na Reki
26 Mei 2025

Konzi ya nani? Nusu ya hiyo inatosha, na iwe kila baada ya mwezi. Siku ambayo hakuna mvua mwagilia hapo hapo, urea ikikaa juu ya jani na jua likatoka inaunguza. Zikifika urefu wa kidole cha kati fyeka mara ya kwanza, toa theluthi tu ya urefu. Kufyeka ndiko kunakozifanya zitambae zizibe. Ndago haipendi kivuli, zikiziba vizuri nayo inakosa pa kusimama.

Mtu wa Sahare
20 Julai 2025

Wakuu, imeziba. Siyo ya kwenye video, kuna mabaka mawili karibu na tangi na kwenye kona ya geti mchwa wamekula vipando nikarudia. Lakini nimekanyaga peku kutoka barazani mpaka getini bila kuruka. Kumwagilia sasa nimeacha kila siku, naipa mara mbili kwa wiki lakini maji ya kushuka, siyo ya kulowesha vumbi.

Ungo tunauweka kila Jumapili sehemu tatu. Leo: sifuri, 1, sifuri. Hiyo moja mama kaing'oa kwa uma, kafuata uzi wake mpaka kiazi cha pili, vyote kwenye sahani.

Jirani Mwema
20 Julai 2025

Hongera sana. Zile mbegu za Ohio ulizitupa?

Mtu wa Sahare
20 Julai 2025

Nilimwaga kiganja kimoja kwenye beseni la zege, kivulini, nimwoneshe kaka kwamba nilijaribu. Ziliota siku ya nane, nzuri, nyembamba kama nywele za mahindi. Siku ya kumi na moja mbuzi wa jirani akaingia, kapita juu ya pasipalamu yote bila kuigusa, akaenda moja kwa moja kwenye beseni. Zilizobaki nimezichoma, mifuko na vyote.

Bibi wa Ngamiani
21 Julai 2025

Mwambie mama ungo asipepetee tena mchele. Namletea mwingine.